Taa Iliyokataa Kukaa

Mwezi jana wanangu walikusanyika hapa Lanet kumfanyia dada yao mkubwa karamu ya kustaafu, na kwa kuwa nyumba ni yangu, kelele zote zikawa zangu. Sufuria zilikopwa kwa majirani hadi wakachoka kutufungulia mlango. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu mbele ya nyumba, shali mabegani, nikiwaambia wasichana kwamba chapati zao zinahitaji msumeno, ndipo mjukuu wangu mmoja akaingia getini akisukuma baiskeli huku amenuna. "Kukhu, taa imeanguka tena! Hii holder ni fake, haki." Akanionyesha kipande cha plastiki kilichokatika katikati. Nilicheka hadi nikaletewa maji, wakidhani nimepaliwa. Sikuwa nimepaliwa. Nilikuwa namtazama dada yao mkubwa, Kageha wangu, mvi zimemjaa kichwani, gauni jipya mwilini, akikata keki na kuwagombeza wapiga picha, na nikawaza kwamba katika watu wote waliojaa pale uani hakuna hata mmoja anayejua kuwa mwenye sherehe alikaribia kutouona ulimwengu huu kwa sababu ya kishikio cha taa ya baiskeli. Wale waliojua wote wametangulia. Nimebaki mimi na mdomo wangu, na mdomo wangu bado uko sawa.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana tu, nimeolewa juzi, naishi na mume wangu Jotham katika landi za reli, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, pale Nakuru. Jotham alikuwa fayamani, yule anayelisha moto wa injini, na shati lake lilikuwa na harufu ya moshi hata nikilifua na kulianika na kulifua tena. Chumba kilikuwa kimoja. Kitanda upande huu, pazia la maua katikati, jiko la makaa karibu na mlango, na baiskeli imeegemezwa ukutani, kwa sababu baiskeli iliyolala nje ilikuwa haikungojei asubuhi. Kuta zenyewe hazikufika juu, kwa hiyo ukikohoa, chumba cha pili wanakuambia pole. Chumba cha pili alikaa Mama Adhiambo, mwanamke wa Gem, mnene, mcheshi, aliyenifundisha kupika omena, dagaa wa ziwani, nikaacha kuikunjia pua. Jioni tulikuwa tunazungumza kupitia ule uwazi wa juu, kila mmoja akikoroga sufuria yake. "Mama Beritha, umeweka chumvi?" "Nimeweka." "Ongeza, nimesikia mkono wako ulikuwa mwepesi." Aliniita mama kabla sijawa mama wa mtu, na nilijua ni kwa nini.

Nilijua kwa sababu mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mtoto mle mle chumbani. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, na jua likishuka kafyu inashuka nalo. Mtu wa reli alikuwa na pasi yake, na akiwa na pasi na taa inayowaka aliruhusiwa kupita. Asiye na taa alirudishwa, kama ana bahati. Uchungu uliponishika kabla ya wakati wake, Jotham aliruka kwenye baiskeli kwenda hospitalini kutafuta gari, na alipofika pale barabara inapovuka reli, taa ikang'oka kwenye kishikio chake na kutumbukia mtaroni. Akasimamishwa. Alieleza, akasihi, akaonyesha pasi. Akaambiwa arudi alikotoka hadi kupambazuke. Akarudi, akaketi kando ya kitanda amenishika mkono, tukangoja mwanga, na mwanga ulipokuja hapakuwa tena na la kukimbilia. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba nilipojikuta mjamzito tena, ile taa haikuwa mchezo kwangu. Wengine waliomba Mungu awape mtoto mzuri, mimi niliomba anipe kishikio kinachoshika.

Sasa, mtu asiyezijua barabara za wakati ule ataniuliza, kishikio cha taa kina ugumu gani? Ni kipande cha chuma kilichofungwa mbele, chini ya usukani, na taa ya betri inateleza juu yake na kukaa. Kwenye lami labda ingekaa. Lakini kati ya landi na mjini palikuwa na barabara ya murram yenye mikunjo kama ubao wa kufulia, na baada ya hapo zile reli za kuvuka, gudu-gudu-gudu, na kila mtikisiko ulikuwa unakipanua kile chuma kidogo hadi taa inakaa juu yake kama kofia ya kuazima. Jotham alianza na kamba ya katani. Ilishika vizuri jioni, umande ukaingia alfajiri, ikalegea, taa ikaning'inia. Akakata ukanda wa tyubu akaizungushia hadi ikafanana na kidole chenye jeraha. Hiyo haikuanguka, kusema kweli, ila iliinama taratibu, ikawa inamulika gurudumu la baiskeli na kumwacha mwendeshaji gizani. Halafu akafunua mkebe wa mafuta ya kupikia, akaukata, akaukunja, akaupigilia misumari, akajikata kidole gumba, na akaja kunionyesha kwa fahari. Ukisikia ile baiskeli inakuja ungedhani ni bendi. Nilimwambia hivyo, akaninunia hadi wakati wa chai.

Katikati ya hayo yote baba mkwe akaja. Mzee Asava alitoka nyumbani Maragoli kuja kutibiwa macho, ambayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari akawa kila mara anamwambia rudi tena, rudi tena, basi ziara ya siku chache ikawa miezi. Hebu fikiria. Kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mkono. Hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, na mahali anapolala mwanawe na mkewe yeye hata mguu haingizi. Sasa weka desturi hiyo ndani ya landi yenye chumba kimoja! Alipewa pa kulala kwa makapera wa kutoka nyumbani, safu ya nyuma, na mchana alikuja kukaa kwenye ngazi yetu, mgongo kwetu, uso barabarani, fimbo magotini. Chakula chake nilikipakua mimi, Mama Adhiambo akampelekea. Akimaliza kula alisema kwa sauti, kana kwamba niko Kisumu, "Mwambie mama, mboga ya mrenda ilikuwa tamu." Mimi niko nyuma ya pazia, hatua chache tu. Mama Adhiambo anageuza shingo: "Beritha, anasema mrenda ulikuwa mtamu." Nami najibu, "Mwambie Baba asante." "Mzee, anasema asante." "Nimesikia," anasema mzee, halafu wote wawili wanakumbuka kwamba hakupaswa kusikia. Mama Adhiambo alikuwa akirudi chumbani kwake na kucheka ndani ya leso. Nyinyi watu, alisema, mnajua kujisumbua. Lakini hakuna siku alikataa kuipeleka sahani.

Nikiwa nyuma ya pazia ndipo nilipomjua mzee huyo, kwa masikio. Nilimsikia akimwuliza Jotham ile taa ina nini. Jotham akajibu kwa mkato kwamba anaitengeneza. "Na mama siku zake zikifika uko safarini?" Nikasikia Jotham akiendelea kugonga chuma. "Nakuuliza, Jotham." "Baba, kazi ni kazi. Nikikataa safari, kazi inaenda, na chumba hiki kinaenda na kazi." Kesho yake mzee alikuja na mpini wa jembe uliovunjika na kisu, akakaa kwenye ngazi akichonga, akipima kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia. Alitengeneza kishikio cha mti, kizuri, laini, chenye pango la kuipokea taa. Jotham alikivika kwenye baiskeli kwa heshima zote. Mvua ikanyesha, mti ukavimba, ukaibana taa hata ikawa haitoki kubadilishwa betri. Jua likawaka, mti ukakauka, na pale kwenye reli ukapasuka vipande viwili. Mzee aliposikia alisema tu, "Aa! Mti wa jembe umezoea udongo." Ndipo Mama Adhiambo naye akajitosa. Shemeji yake alikuwa anachimba ule udongo mweupe kule Kariandusi, ambao sisi tuliutumia kusugulia sufuria. Akauchanganya na ugali, akaukanda, akaipachika taa kabisa kwenye chuma, akaacha ikauke. Ilikauka ikawa jiwe. Tulishangilia, wallahi, hata Jotham alicheka. Alfajiri tukaamka tukaikuta taa imelala sakafuni. Panya walikuwa wameula ugali wote na kutuachia Kariandusi peke yake. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, halafu kicheko kikageuka kilio hapo hapo, na Mama Adhiambo akanishika kichwa akakiweka kifuani mwake bila kusema kitu. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kila saa ya kila siku.

Siku yenyewe ilifika, kama mzee alivyohofia, wakati watu wote wako mahali pengine. Jotham alikuwa ameondoka na gari moshi la mizigo la kwenda Kisumu, na safari hiyo alitembea hadi shedi ya injini ili aniachie baiskeli, taa akiwa ameifunga kwa tyubu mpya. Mama Adhiambo alikuwa ameenda Gem mazikoni. Uchungu ulianza majogoo wakiwika, giza bado halijaachia. Majirani wawili wakaja, wakanipasha maji, wakaambiana kwa kunong'ona kwamba ni heri tungoje kupambazuke. Niliposikia neno hilo, ngoja, niliinuka kitandani kama niliyechomwa. Nilipiga kelele kwamba mimi singoji, nilingoja mara moja, na yule aliyeningojesha aje anirudishie mtoto wangu kwanza. Sijui nilitoa wapi sauti ile. Landi nzima ilisikia, na kwa makapera safu ya nyuma walisikia. Muda si muda nikasikia fimbo ikigonga ngazi, na sauti ya mzee nje ya mlango, mgongo kwetu kama kawaida: "Mama. Unaweza kukaa kwenye baiskeli?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi mwenyewe. Nikajibu, "Naweza, Baba."

Wale wanawake walikunja gunia juu ya keria, nyuma ya kiti cha baiskeli, wakanikalisha upande, nikashikilia kiti. Mzee akashika usukani kwa mikono miwili, akainyoosha mikono yake ili mwili wake ukae mbali nami kadiri iwezekanavyo, na tukaanza kwenda, yeye akisukuma huku akitembea. Niliwaza, maskini, hata leo anajitahidi. Taa ilikuwa inawaka. Ilimulika murram na vumbi na miguu yake pekupeku. Kila uchungu ulipokuja nilisema "Baba," na yeye alisimama, akatazama pembeni, akangoja upite, akasukuma tena. Tulipokaribia reli nilianza kusali. Gurudumu la mbele likapanda chuma cha kwanza, gudu. La pili, gudu. Na taa ikatoka. Niliisikia ikigonga mawe, na giza likaja lote kwa pamoja, na kutoka ng'ambo mtu akapaza sauti, "Simama hapo! Nani huko bila taa?" Tukasikia bunduki ikikokiwa. Niliona kitanda, niliona Jotham ameketi kando yangu amenishika mkono, niliona ule mwanga uliokuja umechelewa.

Mzee alipaza sauti kujibu kwamba ni mgonjwa, ni mzazi, tunaenda hospitali. "Washa taa kwanza nikuone!" Akapiga magoti kwenye mawe, mzee wa watu, na macho yale, akipapasa kwa mkono mmoja huku mwingine umeishikilia baiskeli nisianguke. Aliipata. Aliipiga kofi, ikawaka. Lakini kishikio kilikuwa kimekatika kabisa, hakuna pa kuiweka, na uchungu ulikuwa umenishika nikawa nateleza kwenye gunia. Mkono mmoja wa baiskeli, mkono mmoja wa taa, na mimi je? Nilimsikia akihema. Alikuwa mtu aliyeishi maisha yake yote akijua lipi la kufanya, na sasa hakuna mtu wa kumpelekea ujumbe. Kisha akasema polepole, kwa lugha ya nyumbani, "Mama, leo mimi ni mama yako. Nishike." Akanipa taa mkononi. Akaupitisha mkono wangu juu ya bega lake, mkono wake akauzungusha mgongoni kwangu, na kwa mkono ule mwingine akasukuma baiskeli. Nikawa mimi ndiye kishikio. Nilimulika njia kutoka begani mwake, na uchungu ulipokuja nilimbana shingo hadi akakoroma, na mwanga ukacheza barabarani kama mlevi, lakini taa haikuanguka. Ile haikuanguka!

Askari alikuwa kijana, koti kubwa kuliko yeye. Alitumulika usoni. "Mzee, huyu ni nani wako?" Angeweza kusema binti yangu. Alisema, "Mke wa kijana wangu." Yule askari lazima alikuwa mtu wa kwetu au wa karibu na kwetu, kwa sababu alishusha bunduki na kutazama chini. "Na unamshika hivyo?" "Ulitaka nimwache aanguke?" Askari akaitundika bunduki begani. Aliichukua baiskeli kutoka kwa mzee, akaenda mbele akiisukuma tupu, akiwaita wenzake kwa sauti kwamba ni mzazi, ni mzazi, na mzee akanibeba kwa mikono yote miwili kipande kilichobaki. Sikuwahi kulijua jina la kijana yule. Mungu ambariki popote alipo, na kama amekufa, ambariki huko huko.

Mlangoni mwa hospitali nesi alinipokea, na mara tu mikono yake iliponigusa, mzee aliniachia na kugeuka, uso ukutani. "Muulize kama ako sawa," alimwambia nesi. Nesi akashangaa. "Si umuulize mwenyewe, mzee? Huyu hapa!" "Haiwezekani." Katikati ya uchungu ule nilicheka, jamani, nilicheka kwa sauti, na ndani ya kicheko hicho nikajua tutapona. Jua lilipoupata mlima Menengai, Kageha alikuwa amelia. Yeye mzee alibaki kwenye benchi nje hadi Jotham alipotoka Kisumu na masizi yake. Jina la mtoto alilitoa mzee, ni la mama yake mzazi.

Lakini kwetu jambo kama lile haliachwi lijiendee. Jumapili wazee wetu waliofanya kazi Nakuru wakakusanyika mbele ya chumba chetu, wakapewa viti vya landi nzima, na mimi nikawa nyuma ya pazia na mtoto titini, masikio wazi. Kabla hawajaanza nilimsikia Jotham akimnong'oneza baba yake. "Baba, hakuna mtu wetu aliyeona isipokuwa yule askari. Sema askari ndiye aliyemshika. Nani atakuja kuuliza?" Alisema kwa upendo, namjua, alitaka kumwepushia baba yake aibu. Wazee wakauliza kama ni kweli alimshika mke wa mwanawe. Mama Adhiambo, aliyekuwa amerudi na amekaa kitandani pangu, alinibana goti. Mzee Asava alijibu, "Nilimshika. Nilimbeba. Nikikana leo, itakuwa ni jambo baya nililofanya, na huyu mtoto atakuwa amezaliwa kwa jambo baya. Mimi sikufanya baya. Semeni mbuzi, nitoe mbuzi." Kisha mmoja wao akasema, basi iwe mbuzi, na wengine wakaitikia.

Mbuzi alinunuliwa kwa wafugaji upande wa hapa Lanet, akachinjwa, akaliwa na kila mtu, hata watu wa makabila ambao desturi yetu haikuwahusu, na hao ndio walioomba kuongezwa supu. Wazee wakanyunyiza kwa desturi ya kutakasa, wakasema yao. Mkubwa wao akatangaza kwamba jambo limesafishwa, na kwamba kuanzia leo, kwa sababu ya mbuzi huyu, baba huyu na mama huyu wakitaka kusalimiana kwa mkono hakuna wa kuwauliza. Aliongeza kwamba si lazima, wengi hawapendi, na watu wakacheka. Nikaitwa nje. Nilitoka na Kageha mgongoni, macho chini, na kichwani nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga tangu kitandani hospitalini, maneno marefu ya shukrani, niliyoyarudia usiku na mchana kama mtoto wa sandeskul anayekariri aya. Mzee alisimama, akaiacha fimbo kwenye kiti. Alininyooshea mkono mbele ya watu wote. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. Nikafungua mdomo, na kabla sijatoa neno, alisema, "Asante, mama. Mimi sioni vizuri. Bila wewe kunimulikia nisingefika."